UZI: Mbwa wa kwenye katuni ya gazeti alivyopewa kazi ya kulinda roho za watu wa angani

#1 Mwalimu wa Vwawa (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, poleni na baridi hasa nyie wa Makete na Njombe, huku Vwawa nako leo ukungu umeshuka mpaka kwenye bati.

Niingie kwenye mada. Nafundisha fizikia sekondari moja huku Mbozi, na tangu utoto nakata katuni za magazeti. Mzee wangu alikuwa na kibanda cha maandazi Mwanjelwa, magazeti ya kufungia yanakuja kwa kilo na kazi yangu ilikuwa kuyachana vipande, sasa kabla sijachana napitia kwanza kona ya katuni, nikiikuta naikata kwa kiwembe naibandika kwenye daftari kwa uji wa ngano. Ndo nilivyomjua Chakubanga wa Christian Gregory wa gazeti la Uhuru, na Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa Sani.

Siku moja nikakutana na kipande cha gazeti la kizungu, kimeshalowa mafuta mpaka karatasi unaona upande wa pili. Kuna mbwa mweupe kakaa juu ya kibanda chake cha kulalia, kichwani kavaa bakuli la kioo, na nyuma yake weusi mtupu wenye nyota. Kizungu kilikuwa hakipandi bado lakini nilicheka mpaka mzee akauliza kuna nini.

Nilikuja kujua ukubwani. Mbwa anaitwa Snoopy, katuni ni Peanuts ya Mmarekani Charles Schulz, na safari yake ya mwezini ilitoka magazetini Machi 1969, miezi minne kabla Armstrong na Aldrin hawajatua Julai 20. Yaani mbwa kawatangulia. Anaenda na kibanda cha mbao, hakina injini, hakina tanki la oksijeni, anafika, anajisifu kawashinda Warusi na kamshinda hata paka wa jirani.

Sasa jiulize kwanini watu walicheka, maana safari yenyewe ukiitazama kwa macho makavu ni kifo. Miaka 12 nyuma, Novemba 3, 1957, Warusi walirusha mbwa wa kweli, Laika, kwenye Sputnik 2, na kile chombo hakikutengenezwa kurudi. Walijua wanamrusha asirudi. Miaka mingi dunia ikaamini kaishi siku kadhaa huko juu, mpaka 2002 mwanasayansi wa Urusi ndo akaja kusema alikufa saa chache tu baada ya kurushwa, joto lilimzidi. Msomaji wa gazeti wa 1969 Laika alikuwa anamjua. Kwahiyo akimwona Snoopy anaenda na kurudi salama na kibanda chake, anacheka na moyo unatulia kidogo. Mimi hivyo ndo navyoielewa ile katuni.

Lakini kilichonifanya nianzishe uzi ni hiki. Januari 27, 1967 wanaanga watatu, Grissom, White na Chaffee, walikufa kwa moto ndani ya chombo cha Apollo 1 kikiwa bado chini, wanafanya mazoezi tu hata mafuta hayajawekwa kwenye roketi. Humo ndani ilijaa oksijeni tupu, cheche moja ikatosha, na mlango ulikuwa unafungukia ndani kwahiyo presha ya moto ikaubana wasiweze kuufungua. Baada ya hapo NASA, shirika la anga la Marekani, wakawa wanatafuta namna ya kumkumbusha kila fundi, anayekaza nati, anayeshona mavazi, anayekagua waya, kwamba roho ya mtu iko mkononi mwake. Mabango ya usalama yalikuwepo na watu wanayapita kama tunavyoyapita ya mlima Kitonga. Wakaenda kwa Schulz kumuomba mbwa wake. Akakubali, akachora, hakuchukua hela.

1968 ikaanza tuzo ya Snoopy wa fedha, ni kijipini kidogo cha kuvaa kwenye kola, kimeshapelekwa angani kikarudi, na anayekuvalisha ni mwanaanga mwenyewe. Mpaka leo inatolewa, na kwa mwaka wanaoipata hawafiki mmoja katika kila wafanyakazi mia.

Fikirieni hapo wakuu. Watu watatu wamekufa, nchi nzima iko kwenye aibu na msiba, na dawa mojawapo waliyoitafuta ni katuni ya gazeti. Mimi naamini walikuwa sahihi, na naamini katuni nzuri ya hatari za angani inamfundisha mtu hofu sahihi kuliko kurasa 10 za kitabu. Nataka kusikia wengine mnaonaje.

#2 Utingo Mstaafu

Mwalimu heshima yako. Mimi nimekaa kwenye semi miaka 19, Dar Tunduma, Dar Tunduma, sasa nipo zangu Makambako nafuga. Hayo ya angani siyajui ila umegusa kitu ninachokijua. Sisi ukishaushuka mlima Iwambi breki zinanuka moshi, gari ikishasimama Mbalizi ndo stori zinaanza na watu wanacheka hadi machozi, nani alishika mlango tayari kuruka, nani aliita jina la mama yake. Ila mlimani kwenyewe hakuna anayetoa utani. Hata redio dereva anazima. Ukiona mtu anachekesha wakati gari inashuka ujue huyo hajawahi kuona gari imelala kule bondeni.

Swali langu hao watu wa roketi nao wanataniana? Au wana masharti?

#3 Mwalimu wa Vwawa

Shikamoo mzee wangu. Wanataniana sana, na utaratibu wao ni huohuo wa Mbalizi, sikia hii maana ni ya kwako kabisa.

Aprili 1970 Apollo 13 inaenda mwezini, tanki la oksijeni likapasuka wakiwa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka nyumbani. Chombo kikubwa, kilichotengenezwa na kampuni ya North American Rockwell, kikaanza kuishiwa umeme na hewa. Watu watatu, Lovell, Swigert na Haise, wakahamia kwenye kile chombo kidogo cha kutulia mwezini, cha kampuni ya Grumman, ambacho kilitengenezwa kwa ajili ya watu wawili na kwa siku kama mbili. Hicho kidogo ndo kikalikokota lile kubwa bovu kuzunguka mwezi na kurudi karibu na dunia. Ndani baridi kali, na hewa chafu wanayoitoa ikaanza kujaa kwasababu vichujio vya chombo kikubwa vilikuwa vya mraba na matundu ya kidogo ni ya duara. Waliunganisha kwa mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya maelekezo, soksi na selotepu nene. Unaona fundi wa barabarani huyo?

Wakatua baharini salama Aprili 17. Walipokuwa salama, nasisitiza hapo, walipokuwa salama, jamaa wa Grumman wakawaandikia Rockwell ankara ya bredauni. Dola 4 maili ya kwanza, dola 1 kila maili inayofuata, kubusti betri kwa waya za mteja, oksijeni, malazi ya watu wawili chumba chenye redio bila televisheni, mgeni wa ziada dola 8 kwa usiku. Wakampa mteja na punguzo, jumla dola 312,421.24.

Rockwell wakajibu kwamba wao walishavibeba vyombo vya Grumman mpaka mwezini safari kadhaa na hawajawahi kudai nauli.

Ile ankara ni katuni isiyo na picha. Na hakuna aliyeiandika wakati watu bado wako juu.

#4 Utingo Mstaafu

Marahaba mwalimu. Hiyo ya mgeni wa ziada dola 8 nimemsomea mke wangu. Kuna bosi mmoja simtaji alishatuandikia hesabu kama hiyo Ruaha Mbuyuni, ila yeye hakuwa anatania, alitukata kwenye posho kweli.

#5 Kamwene Iringa

Kamwene wote. Mimi nipingane kidogo na mwanzisha uzi, kwa heshima.

Mimi na wewe kazi moja, nafundisha msingi hapa Iringa mjini. Januari 28, 1986 chombo cha angani cha Marekani, Challenger, kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, watu saba wakafa na mmoja wao alikuwa mwalimu, Christa McAuliffe, alikuwa afundishe somo akiwa angani na watoto mashuleni Marekani walikuwa wanaangalia kwenye televisheni. Baada ya muda mfupi utani wa ile ajali ukasambaa mitaani, utani mchafu, wa kuhusu miili ya watu. Nimewahi kuusoma mmoja na sitaurudia hapa. Sasa ukisema katuni za hatari za angani zinafundisha, mimi nauliza unaweka wapi mpaka? Maana yule mwalimu alikuwa na watoto wake nyumbani.

#6 Mwalimu wa Vwawa

Mwalimu mwenzangu nimekusoma mara mbili kabla ya kujibu.

Ule utani naujua na mimi siupendi. Ule ulikuwa unacheka waliokufa, umekaa upande wa moto. Angalia Schulz alipoweka kalamu yake: aliyeko hatarini ni mhusika wake mwenyewe, mbwa anayempenda kuliko wote, na anarudi. Akina Grissom hakuwagusa kabisa. Halafu ile pini wanavaa mafundi wa chini wanaozuia mtu asiungue, kila siku anapovaa shati anaiona.

Na huyo Grissom mwenyewe alikuwa mtani wa hatari yake mwenyewe, hii ndo inaniuma. Julai 1961 chombo chake kilizama baharini baada ya mlango kufyatuka, nusura azame nacho. Safari yake iliyofuata, Gemini 3 ya Machi 1965, chombo akakiita Molly Brown, jina la mwanamke maarufu wa Titanic ambaye hakuzama. Wakubwa walinuna. Walipomuuliza ana jina gani lingine akasema basi Titanic, wakaachana naye. Mtu anayejitania yeye ana haki hiyo. Sisi tuliobaki tukimcheka kifo chake hatuna.

Kwahiyo mpaka mimi nauweka hapo, nani yuko kwenye hatari na nani ameshika kalamu. Kama unauona pengine niambie.

#7 Kamwene Iringa

Hapo nakuelewa. Mimi ningeongeza muda pia, yule mzee wa Makambako kasema vizuri, gari isimame kwanza. Ila nakubali tuendelee.

#8 Ntilie wa Uyole

Jamani mimi si mtu wa sayansi, nina mgahawa wangu hapa Uyole karibu na njia panda, ila nauliza kitu. Kwenye katuni zote na zile sinema mtu akivuliwa kofia huko angani anapasuka kama puto, puuu. Ni kweli? Mwanangu ananiuliza kila siku na mimi namwambia ndio.

#9 Mwalimu wa Vwawa

Dada yangu shukrani, hili ndo linanikera kuliko yote kwenye katuni mbaya. Hapasuki. Ngozi ya binadamu ni imara, inamshika. Kinachotokea hewa inamtoka, damu inafika kwenye ubongo haina oksijeni, ndani ya sekunde 10 mpaka 15 amezimia. Desemba 1966 kule Houston fundi mmoja anaitwa Jim LeBlanc alikuwa anajaribu vazi kwenye chumba kilichotolewa hewa, bomba likachomoka. Alizimia baada ya kama sekunde 14 hivi, wakarudisha hewa haraka akazinduka na akapona kabisa. Alisema kitu cha mwisho anachokumbuka ni mate yanachemka kwenye ulimi.

Sasa niambieni mchoro upi una nguvu, mtu anapasuka puuu, au mtu kasimama kimya mate yanamchemka mdomoni kama chai kwenye sufuria? Huo wa pili msomaji anacheka halafu anajishika ulimi.

Ukweli wa huko juu unashinda uongo kwa mbali. Julai 16, 2013 Mtaliano Luca Parmitano alitoka nje ya kituo cha kimataifa cha angani, kofia ikaanza kujaa maji kutoka kwenye mfumo wa kupozea vazi. Huko maji hayatiririki kwenda chini, yanang'ang'ania usoni kama jeli, yakamfika machoni, masikioni, yakaziba pua. Alirudi mlangoni kwa kupapasa kamba yake haoni vizuri, kwenye vazi wakakuta kama lita moja na nusu. Nani angewaza kuchora mtu anazama angani?

Na hili la jikoni dada ni la kwako. Kwenye ileile Gemini 3 mwenzake Grissom, anaitwa John Young, alificha mkate wa nyama mfukoni, wakiwa juu akautoa akampa Grissom aonje. Chembechembe zikaanza kuelea. Chini ukidondosha chembe unafagia, kule inaingia nyuma ya swichi, inaingia jichoni, unaivuta puani. Grissom akaurudisha mfukoni haraka, mpaka bungeni kwao likasemwa. Siku hizi wanaanga wanakula mikate bapa ya Kimeksiko, ndugu yake na chapati, kwasababu haimwagi chembe.

#10 Ntilie wa Uyole

Chapati!! Mwanangu nimemwambia sasa hivi. Ndaga fijo mwalimu, kesho kwenye ubao wa bei naandika CHAPATI CHAKULA CHA ANGANI.

#11 Mpakani Tunduma

Mwalimu usisahau jirani zetu hapa ng'ambo ya boda. Babu yangu alikuwa Zambia 1964 wanapata uhuru, alikuwa anatusimulia Edward Nkoloso, mwalimu huyo naye, aliyetangaza Zambia itafika mwezini kabla ya Marekani na Urusi. Vijana wake alikuwa anawaingiza kwenye pipa la mafuta anawaviringisha kwenye mteremko wazoee, na kwenye bembea ikifika juu anakata kamba wajue kuelea kukoje. Alikuwa na binti anaitwa Matha Mwambwa na paka wawili ndo wasafiri. Akaomba UNESCO pauni milioni 7, hazikuja. Magazeti ya wazungu yalimcheka sana. Kuna wanaosema alikuwa anawapiga kijembe wao, alikuwa mpigania uhuru na alishafungwa na wakoloni, kwahiyo sio mtu wa kuchukuliwa poa.

#12 Mwalimu wa Vwawa

Aisee mkuu hapo umenigusa. Mimi namheshimu Nkoloso. Lile pipa watu wanalicheka lakini tizama, kumzungusha mtu mpaka azoee kizunguzungu na kumwangusha ili aonje kuelea, hayo Wamarekani na Warusi nao walikuwa wanafanya, tofauti wao wana mashine na ndege za mabilioni. Waandishi walimchora kama kichekesho kwasababu pipa ni pipa. Ningekuwa mchora katuni ningechora pipa la Nkoloso na kibanda cha Snoopy vimepaki pamoja mwezini, bila maneno.

Nimalizie ya Snoopy maana kuna aliyeniuliza inbox. Mei 1969 Apollo 10 walienda kufanya mazoezi ya mwisho, chombo kikubwa wakakiita Charlie Brown na kidogo wakakiita Snoopy. Wakati wanaenda kupanda kuna sanamu ya Snoopy imeshikwa njiani, kamanda Stafford akaipapasa pua. Yeye na mwenzake Cernan wakashuka na Snoopy mpaka kama kilomita 15 juu ya mwezi, kurudi wakiachanisha sehemu ya chini swichi moja ilikuwa imekaa vibaya, chombo kikaanza kupinduka hovyo. Cernan akatoa tusi dunia nzima inasikiliza. Stafford akakishika kwa mkono kikatulia. Aliyekuwa anawasubiri juu kwenye Charlie Brown ni nani, yuleyule John Young wa mkate, na safari hii kamanda wake wa zamani, Grissom, hayupo tena.

Na kwenye safari hiyohiyo kuna siku kinyesi kilionekana kinaelea kwenye chumba, Stafford anaomba karatasi haraka, watu wote watatu wanakataa sio changu. Imeandikwa kwenye kumbukumbu rasmi za NASA neno kwa neno. Darasani nikiisoma hii ndo nafundisha mvutano, na hakuna mtoto anayeisahau.

Snoopy mwenyewe yupo mpaka leo, walimwachia akaenda kuzunguka jua.

#13 Kamwene Iringa

Mwalimu hao wanafunzi wako wanachora? Tuwekee basi.

#14 Mwalimu wa Vwawa

Wanachora. Picha siwezi kupandisha, simu yangu kamera imekufa, ngoja niielezee moja.

Mwezi uliopita niliwapeleka Ndolezi kwenye Kimondo, wasiofika ni hapahapa Mbozi, pande la chuma lenye urefu wa kama mita 3, zaidi ya tani 10, chuma kama asilimia 90 na kilichobaki karibu chote ni nikeli. Kimelala juu ya nguzo ya udongo iliyojengewa zege maana kilichimbwa pembeni yote kikaachwa. Ukikigonga kinalia kama kengele ya shule, na pembeni kuna sehemu imekatwa na msumeno, ukipitisha kidole unasikia ukali wa ukingo. Nikawaambia hiki ni kitu pekee kwenye wilaya yetu kilichosafiri angani, chorani.

Binti mmoja wa kidato cha pili, mtulivu hata jina lake mara nyingi nalisahau kuita, kachora vyumba vitatu. Cha kwanza Hiace iliyosimamishwa wima ina moto nyuma, konda ananing'inia mlangoni kavaa kofia ya bakuli anaita "Mwezini Mwezini, siti mbili." Cha pili mama mmoja kachungulia dirishani anauliza "Oksijeni imejaa?" konda anajibu "Tutaongeza Tunduma." Cha tatu kaacha Hiace yote, kachora Kimondo peke yake kule Ndolezi, kimejikunja, kina ule mkato wa msumeno ubavuni, kinawaambia kwa herufi ndogo sana: "Kagueni breki."

Nimeikaa nayo wiki nzima. Konda alikuwa kamchora hana mkono wa kushikia mlango, nikamwonyesha, akafuta akaurudishia, akaongeza na kamba kiunoni. Nilimuuliza kamba ya nini, akasema mwalimu, asije akadondoka.

#15 Utingo Mstaafu

Huyo binti akimaliza shule mlete Makambako nimwonyeshe gari. Na hiyo katuni nitumie kwa basi, nauli ya kifurushi nalipa mimi.